Mlingoti wa Ziwani

Dada Eulalia,

Mama bado yuko kwa shemeji yetu Fortunato. Anakohoa, lakini anakula. Viazi vimekauka. Jumapili wanakijiji walipanda ziwani na sululu, wakavunja mlingoti wangu wa kupimia maji, pamoja na king'ora cha kuonya bonde maji yakifurika.

"Vyuma vyako vinafukuza mvua, mchawi wewe!" alifoka Fortunato, akanipiga jiwe la mdomo. Meno manne yaling'oka.

Miaka thelathini na moja nimepima barafu ya mlima ikiyeyukia ziwani, nikaiandikia serikali barua sitini na mbili. Majibu, sifuri.

Jana nilipanda, nikapima kwa fimbo. Maji yamebakiza mita mbili tu yafurike, na nyumba ya kwanza bondeni ni ya Fortunato. Nilikwenda kumwonya.

"Ongea vizuri, shemeji," alicheka, "sikusikii."

Akafunga mlango. Njoo umchukue mama.

Kaka yako,
Teodosio