Gobore la Babu Halina Mwenyewe

Shoga, epua hiyo sufuria unisikilize. Natoka kwa Tasneem sasa hivi, pale Gongoni.

Mafundi wamebomoa dari wakakuta gobore la babu wa mumewe. Kutu tupu, na kibali halijawahi kuwa nacho.

Mumewe Fakhrudin na mdogo wake Parvez unawajua. Wakaanza kugombana nani alirithi. Fakhrudin anasema yeye ndiye mkubwa. Parvez anasema babu alimpenda yeye zaidi. Babu alikufa Parvez hajazaliwa.

Tasneem akawaambia jamani, hii ni silaha, tuisalimishe polisi. Mumewe akamjibu, "Mambo ya ukoo wetu usiyaingilie. Wewe mtu wa kuja."

Mtu wa kuja. Miaka ishirini na mbili anawapikia.

Tasneem akampigia simu mwenyekiti wa mtaa, naye akaja na askari. Askari akafungua daftari, akauliza kwa upole kabisa, "Mwenye silaha hii ni nani?"

Shoga, Fakhrudin anatazama lile tundu la dari. Parvez anasema hana hakika hata kama huyo babu aliishi hapa. Na picha ya babu imetundikwa juu ya kichwa chake.

Askari akasema huu ni mwezi wa msamaha, anayesalimisha kwa hiari hashtakiwi, yeye anataka jina tu. Wale ndugu wanatazamana tu.

Tasneem akajifuta mikono, akatoa jina lake, akatia saini, akapewa stakabadhi.

Gobore lilipotoka mlangoni ndipo Fakhrudin akapata sauti. Anataka ile stakabadhi aitie kwenye fremu, kumbukumbu ya babu.

Tasneem akaikunja, akaichomeka kifuani. "Mambo ya gobore langu usiyaingilie."