Brashi za Mzee Béchir

Wafa, upo? Usinipigie, nitaangua kilio.

Mounira amenisaliti. Mounira! Yule yule mwalimu mwenzangu ninayekula naye mkate mmoja kila mchana shuleni.

Unamkumbuka Mzee Béchir, mfinyanzi aliyelizawadia darasa langu la sanaa gurudumu lake la kufinyangia na brashi alizozitengeneza mwenyewe kwa manyoya ya punda? Tangu vifike, hata watoro walikuwa wanawahi. Wanachora samaki kwenye sahani kama mafundi!

Leo mzee amekuja kuwaona watoto wakifanya kazi. Nikamfungulia stoo ya vifaa kwa mbwembwe. Tupu. Tupu kabisa, Wafa!

Mounira kasimama mlangoni, hana hata haya: "Nimevipeleka shule ya kulipia anakosoma binti yangu. Kule watavitunza. Hawa wako watavunja tu."

Watavunja tu! Mbele ya mzee, watoto wakitusubiri darasani! Na mimi ndiye niliyempa ufunguo.

Mzee akaninong'oneza, "Mwanangu, waambie watoto nimevichukua mimi kuvitengeneza. Wasijione duni."

Nikashindwa kudanganya. Nikarudi darasani nikawaambia ukweli, Mounira akisikia. Kabinti kamoja, Ons, kakauliza, "Babu, kwani ulimpa nani?"

"Niliwapa nyinyi."

Ons akamgeukia Mounira: "Basi si vyako."

Mounira akaondoka. Sasa niko kwenye teksi na mzee, tunavifuata hukohuko.

Tutavirudisha, najua. Lakini miaka tisa, Wafa. Miaka tisa nikimwita dada, kumbe watoto wangu aliwaona hivyo.