Masikio ya Ng'ombe wa Kinyangiri

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Ilongero tu wazima, alizeti imechanua, na shangazi yako amejifungua salama.

Unasema mwenzako kazini huiandika kila molekuli kwa mstari mfupi wa moja na sifuri: moja kama ina sehemu fulani, sifuri kama haina. Kompyuta yake huzilinganisha haraka, yako inapitia atomu moja moja. Anasifiwa, nawe unauliza kama uache njia yako. Nani kakuambia lazima njia moja iizike nyingine? Huo ni wivu, naujua.

Wakati wa Ujamaa ng'ombe walichanganywa katika zizi moja Kinyangiri, na wa maziwa wa mama akapotelea humo. Mimi nilikagua kila mmoja: pembe, rangi, mwendo. Binamu yangu Zefania, mtoto wa mjomba, akatazama alama zilizokatwa masikioni tu, akawaondoa wasio na alama kama ya wetu, wakabaki wawili. Watu wakamshangilia. Nilitamani apigwe teke!

"Haya, chukua huyu," akasema.

"Huyo ni wa jirani, bwana! Wetu ana chuchu moja iliyokauka."

Akainama. "Kumbe! Ningempelekea shangazi maziwa ya wizi."

"Na mimi bila wewe ningekuwa bado nimo kwenye kinyesi," nilijibu, bado nikimwonea wivu.

Basi mstari wake uzipunguze molekuli, na zitakazobaki uzikague wewe. Mwambie hivyo usoni, hata akikukera. Zefania ananikera mpaka leo, na kila Jumapili namkaribisha ugali.

Bibi yako anayekupenda.