Kipepeo Mwenye Jina la Dada

Katindo, Goma

Dada Waridi, wewe wa Vitshumbi,

Salamu kwako na kwa shemeji, muvuvi anayerudi na samaki wawili. Mimi Useni, niliyefukuzwa sekondari, sasa ninafanya kazi na profesa wa vipepeo wa usiku! Kila asubuhi ninawaokota ukutani, penye taa ya usiku, kule Munigi, kabla kuku hawajawameza.

Mumoja, mweusi kama mawe ya volkano, alimushangaza profesa. Alipima mishipa ya mabawa, kisha akafungua tumbo chini ya mikroskopu aangalie sehemu za siri. Usicheke! Ndizo zinaonyesha ukoo. Akasema, "Useni, huyu si aina mupya tu, ni jenasi mupya, ukoo muzima. Wewe uliyemuokota, chagua jina."

Nikachagua Waridia.

Unajua Papa hapa nyumbani hajataja jina lako tangu uolewe bila baraka yake. Jana nilimupa picha ya kipepeo, nikamuomba anisomee maandishi ya chini. Akasoma kwa sauti. Akarudia, polepole. Kisha akauliza, "Na mwenyewe, anakuja lini?"

Nimemujibu: Ijumaa. Usiniaibishe.

Ni mimi mudogo wako mwenye akili kukupita,
Useni