Papa Aliyekuwa Taa

Nyamirambo, Jumatano, Juni 1992

Muuza samaki aliniuzia taa akaapa ni papa, na sasa siwezi hata kumkasirikia.

Tangu tumzike Baba, Mama huitikia salamu tu. Chakula anakigusa, anakirudisha. Nikafikiri samaki mkavu wa kwao Tanga atamrudishia hamu.

Leo nilipompa kile kipande, alikipapasa. "Mwanangu, umedanganywa. Ngozi ya papa inakwaruza kama msasa. Hii ni laini, na nyama ni bapa, ina nyuzi kama upepeo. Huyu ni taa."

Binti yangu Zaina akatazama balbu darini. Mama akacheka! Akawachora wote wawili kwenye unga uliokuwa siniani: papa mrefu, pezi limesimama mgongoni, taa kama chapati yenye mkia.

"Mkiani ana mwiba," akamwambia. "Ulimchoma babu yako mguuni siku za uchumba wetu, akalia kuliko mtoto."

Alimtaja Baba. Sikuthubutu hata kukohoa.

Kisha akampika yule samaki mwenyewe, kwa karanga maana nazi hakuna, akala akashiba. Naogopa kesho asije akanyamaza tena.

Lakini hivi sasa namsikia chumbani, anamsimulia Zaina alivyomkanda Baba ule mguu kwa maji moto.