Kumi na Tisa Waitwao Ayuko

Shauri Moyo, Nyumba F14,
Nairobi.
9 Agosti 2025

Mpendwa Mwelu,

Habari za Winnipeg? Nasikia msimu huu jua la huko linakawia kutua; angalia usije ukapika chakula cha jioni mara mbili. Kathini ameshaota meno ya mbele? Naomba barua hii iwakute wazima. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, na tumbo ambalo siku hizi hufika mlangoni kabla yangu.

Usicheke kwanza: nimepata kazi. Tangu shule ilipotupunguza walimu wa historia nilikuwa nimekaa tu, nikihesabu mabati ya jirani. Sasa ni mtafiti, mkataba wa mwaka mmoja. Bosi wangu ni Profesa Asenath, yule mwanafunzi niliyempa alama 39 akalia hadi darasa zima likanyamaza. Bado ananiita Mwalimu, lakini ripoti zangu huzirudisha zimejaa wino mwekundu. Mungu halali.

Tunachunguza tauni, ule ugonjwa wa panya uliopiga Nairobi zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kutwa nzima niko makavazini, barakoa puani, nasoma vitabu vya makarani wa enzi hizo: chumba kipi kilichomwa, mpangaji alikuwa nani, alienda wapi. Watu ninaoshinda nao wamekufa siku nyingi, na si wasemaji. Nikirudi nyumbani nabisha mlango kwanza, ndipo nautia ufunguo. Miaka miwili Mama hayupo, na mkono wangu haujapata habari.

Mwezi wa sita nikagundua jambo. Katika kitabu kimoja jina Ayuko limeandikwa mara kumi na tisa. Chumba cha tatu, Ayuko. Chumba cha saba, Ayuko. Nikasema, masikini, ukoo mzima umefagiwa! Nikamwandikia Asenath kurasa sita juu ya msiba wa ukoo huo. Ukurasa wa tano nusura nitoe chozi.

Jioni moja nikamuuliza Apondi, jirani yetu wa ukuta mmoja, kama hilo ni jina la kwao.

“Liko,” akasema. “Lakini kumi na tisa, mtaa mmoja? Hebu niambie, Mwalimu, watu wakija kukuulizia na wewe uko kwa makaratasi yako, mimi huwaambia nini?”

“Unawaambia siko.”

“Nawaambia ayuko!”

Alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo. Ndiyo hivyo, Mwelu. Karani alibisha, jirani akajibu “ayuko” bila ile h, kama tunavyosema hapa mpaka leo, na karani mgeni akaandika jina. Aliyekufa, aliyekimbilia kwao, aliyejificha uvunguni akiogopa karantini, wote wakawa Ayuko. Majina yao wenyewe hayapo popote, nimetafuta. Asenath alizirudisha kurasa zangu sita na wino mwekundu juu tu: 39.

Nilicheka siku nyingi, hadi Jumanne iliyopita.

Nyumba hizi za zamani zitabomolewa, na wapangaji wanaorodheshwa ili wapewe mpya. Akaja afisa mmoja, mama mpole, na tableti yake. Kadi ya nyumba ina majina matatu: la Mama, langu, lako. La Mama akalifuta pale pale, nikiangalia.

“Mwelu Kiema yuko?”

Ulimi ulikuwa tayari kusema “ayuko”, dada yangu. Miaka tisa tangu uondoke nimewajibu watu hivyo bila kufikiri. Lakini nikasema, “Yuko.”

“Wapi?”

“Kazini.”

“Anarudi saa ngapi?”

Apondi pale mlangoni akashikwa na kikohozi cha ghafla. Mimi nikasema nitamuuliza.

Basi nakuuliza. Afisa anarudi tarehe thelathini Septemba. Asiyekuwepo wala kuleta barua yenye sahihi yake na nakala ya kitambulisho, anafutwa. Kama unataka jina lako libaki, tuma hizo karatasi mapema. Kama hulitaki tena, sitanuna, ama nitanuna kidogo, unanijua. Lakini uniandikie wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Sitaki kuwa jirani anayekujibia mlangoni.

Kitanda chako bado kiko karibu na dirisha. Nimekijaza vitabu, lakini vitabu huhamishika.

Msalimie sana Kathini, umwambie mjomba wake ana goti moja zima la kumbebea. Apondi anakusalimu, na Shamis wa duka la vitambaa kule Eastleigh anauliza kama bado unapenda rangi ya machungwa. Mungu awalinde huko mliko, na siku mtakayobisha hapa mnikute nimo ndani.

Kaka yako akupendaye, ambaye yuko,

Muoki