Aliyemfukuza Dubu Ni Wewe

Da Mwanaidi,

Mwenyekiti Godlove hanisalimii tena. Naanza na habari hiyo kwa sababu najua ungeifurahia. Juzi tulikutana kwenye duka la Wasomali kule Malton, mimi nachagua mchele, yeye anapekua nyama ya mbuzi kwenye friza. Aliponiona aligeuza toroli lake kama mtu aliyeona polisi.

Nimehama Brampton. Sasa niko St. James Town, ghorofa ya kumi na nne, na lifti yetu inafanya kazi inapojisikia. Sababu ya kuhama nitakueleza, ila lazima nianzie kule msituni, maana ndiko nilikokukosea.

Kikundi chetu cha matembezi unakikumbuka. Watanzania kumi na wawili wa huku ughaibuni, viatu vipya, picha nyingi, na Godlove aliyejipa uenyekiti bila kura hata moja. Jumamosi ya kwanza ulikuja umetoka moja kwa moja zamu ya kupanga mizigo uwanja wa ndege, una kopo jekundu kiunoni, ile pilipili ya kumpulizia dubu. Godlove alicheka mpaka akashika mti.

"Dada, huku siyo Liwale," alisema. "Dubu mweusi ni mwoga kuliko paka. Mimi nimesoma takwimu."

Ukamjibu taratibu, "Dubu hajazisoma, Mwenyekiti."

Tangu siku ile wakakuita Mama Pilipili. Hukukasirika. Uliniambia kwamba kwenu Liwale mtu akienda shamba hubeba mkuki, na hasemi anaogopa simba, anasema anakwenda shamba. Godlove mwenyewe, msomi wa takwimu, alijifunga kengele ya kumtisha dubu kwenye begi, kama beberu, na ndani ya begi akabeba mishkaki iliyofungwa kwenye foili. Ulimwonya kwamba nyama ile inaita wanyama. Akasema harufu haipenyi foili. Mhandisi huyo, Da Mwanaidi. Kuna watu wanaishi kwenye majengo aliyoyakagua.

Halafu ikaja ile Agosti, kule kwenye ziwa la kaskazini, mwendo wa saa tatu kwa gari. Wenzetu walikuwa wametangulia. Tulibaki wanne: wewe, mimi, Godlove, na Mzee Sadru, mfamasia wa zamani wa Mwanza, ambaye magoti yalikuwa yanamchelewesha. Dubu alitoka kwenye vichaka vya matunda, hana haraka, pua juu. Hakututazama sisi. Alilitazama lile begi.

"Tusikimbie," ulisema kwa sauti ya chini. "Turudi nyuma pamoja. Godlove, vua begi ulitupe."

Godlove akakimbia. Kengele inalia, dubu nyuma yake. Hakufika mbali, mzizi ukamwangusha, akajifunika kichwa kwa mikono akimwita mama yake. Na mimi? Mimi nilijificha nyuma ya Mzee Sadru, mtu wa miaka sabini. Wewe ulikwenda mbele. Ulichomoa kile kizuizi cha kopo, ukasimama kati ya Godlove na mnyama, ukasubiri. Hapo ndipo ninapokukumbuka zaidi, pale ulipokuwa unasubiri. Ulimwacha afike hatua kama sita, ndipo ukabonyeza. Lilitoka wingu la rangi ya machungwa, dubu akapiga chafya, akasugua uso ardhini, akatokomea akivunja matawi. Upepo uliturudishia kidogo na sisi, tukakohoa na kulia wote. Godlove alilia kuliko wote, na haikuwa pilipili tu.

Jumatatu yake akaandika Facebook. Eti alisimama imara, akamkemea dubu, dubu akatimua. Eti Mama Pilipili alishikwa na hofu akawapofusha wenzake. Watu wakacheka, wakaweka vidole gumba. Ulisoma wakati wa mapumziko ya zamu yetu, ukaweka simu mfukoni, ukamalizia chai yako.

"Mwache," ukaniambia. "Angalau yu hai wa kusema uongo."

Nikamwacha. Wewe ulimwacha kwa ukubwa wa moyo. Mimi nilimwacha kwa sababu nilikuwa napanga chumba cha chini kwenye nyumba yake. Nilipika kwenye jiko lake, nikanyamaza miaka minne, na kila alipoisimulia hadithi ile nilitabasamu. Kama kuna mtu nimemdharau kuliko Godlove, ni huyo mpangaji wake.

Kisha Februari kiharusi kikakuangusha ukiwa unasubiri basi la kwenda kazini.

Kwenye arobaini yako ukumbi ulijaa. Baada ya dua, wakati watu wanakula, Godlove akaomba kusema machache kuhusu marehemu. Akaisimulia tena, Da Mwanaidi, kwenye arobaini yako, na watu wakacheka midomo imejaa biriani. Halafu akatangaza kwamba kiangazi hiki atawapeleka vijana wetu kupiga kambi kwenye ziwa lilelile, na jina la binti yako Yusra ndilo la kwanza kwenye orodha. "Wala hatutabeba makopo ya waoga," akasema. "Kengele inatosha."

Nikamtazama Yusra. Miaka kumi na mitano. Alikuwa anacheka kwa adabu, macho kwenye sahani, anamwonea aibu mama yake aliyekufa.

Nikasimama. 

"Mwenyekiti, wewe ulikimbia," nikasema. "Ulianguka, ukajifunika kichwa. Aliyemfukuza dubu ni Mwanaidi."

Akatabasamu ile tabasamu yake ya mikutano. "Tatu, msiba umekuchanganya."

"Basi tumuulize Mzee Sadru. Alikuwepo."

Mzee Sadru alivua miwani, akaifuta muda mrefu mno. Mwishowe akasema, "Ni kweli. Alikimbia. Mama huyu ndiye aliyetuokoa." Kisha akaongeza kwamba aliona si vyema kumwaibisha mwanamume mbele za watu. Miaka minne aliilinda heshima ya Godlove kwa kuikanyaga yako, na bado anajiita mstaarabu.

Hakuna aliyepiga makofi. Shangazi mmoja alilalamika kwamba msibani si mahali pa maneno kama hayo. Uongo ulikuwa na nafasi pale, ukweli ndio ulikosa adabu.

Yusra alinifuata jikoni akataka nimwambie yote. Nikamwambia yote, hata nilikojificha. Akauliza, "Ulimwacha aende peke yake?" Nikasema ndiyo. Akatoka. Wiki tatu hakupokea simu yangu, na sikumlaumu.

Godlove alinitaka nihame, eti binti yake anarudi kukaa. Hana binti. Wazazi mmoja mmoja wakaondoa majina ya watoto wao, kambi ikafa, naye akaeneza kwamba hifadhi ya kule ziwani imefungwa kwa matengenezo. Alijitoa kwenye kundi la WhatsApp kwa hasira. Baada ya wiki mbili akarudi, kwa sababu hakuna aliyembembeleza.

Jumapili iliyopita Yusra alinipigia mwenyewe. Anataka nimwonyeshe mahali pale uliposimama. Tutakwenda Julai, mimi na yeye na mama mmoja wa kazini anayeijua njia. Nimenunua kopo jipya. Muuzaji aliniambia wengi hulibeba maisha yao yote bila kulitumia. Nikamwambia nawaombea wote iwe hivyo. Nimejifunza kuchomoa kizuizi bila kutazama, nimemfundisha na Yusra, na vidole vyake ni vyepesi kama vyako.

Siwezi kukuahidi ujasiri, maana sina uhakika kama ninao. Nakuahidi hivi tu: kitu chochote kikitoka kichakani, mwanao atakuwa nyuma yangu.

Lala, Da Mwanaidi. Mola akutulize.

Mdogo wako,
Tatu